Siku Baba Mkwe Alipopanda Nyoka

Kazi yangu ni kushika mapaja ya watu. Naanza hivyo kwa sababu ndivyo baba mkwe wangu alivyoieleza, na mpaka leo sijapata maelezo mafupi zaidi ya hayo. Naendesha treni ya michezo hapa Babati, ile inayovutwa na mnyororo kupanda kilima cha chuma, ikateremka kwa kasi, ikakata kona na kurudi ilikotoka huku watu wazima na akili zao wakipiga mayowe. Kwingine duniani wanaiita rola kosta. Yetu imepakwa rangi ya kijani na kichwani ina macho mawili makubwa, kwa hiyo watu waliitazama siku ya kwanza wakaiita Nyoka, na jina likaganda.

Ni ndogo, nisimdanganye mtu. Ina mabehewa sita, kila behewa lina kiti kimoja cha watu wawili, na kilele chake kimezidi kidogo paa la nyumba ya kawaida. Bosi wetu, mfanyabiashara wa vitambaa pale mjini, aliinunua ikiwa imeshatumika ng'ambo, akaifunga kwenye uwanja wake huku Bagara pamoja na bembea za watoto. Watu walisema mzee amechanganyikiwa, pesa ya kujenga fremu za maduka anaizika kwenye mdoli. Siku ya Idi foleni ilifika barabarani. Waliosema amechanganyikiwa nao niliwaona humo, wameshika tiketi.

Mimi nilikuwa nauza juisi ya ukwaju nje ya geti. Lakini rola kosta nilianza kuzipenda zamani, kabla hata Nyoka hajaletwa. Nilikuwa nasukwa nywele saluni, kwenye televisheni wakaonyesha treni ya nchi gani sijui inapanda juu kabisa, inasimama kidogo pale kileleni, halafu inajitupa. Nilisimama na nusu ya kichwa haijasukwa. Msusi akaniambia, "Dada, kaa chini, utaniharibia kazi." Tangu siku ile nikipata buku la bando, nusu linaishia kwenye video za hayo matreni. Najua zinazoviringika kichwa chini, najua za mbao zinazolia kama kitanda kibovu, najua ambazo miguu yako inaning'inia hewani. Mume wangu akinikuta usiku nimeinamia simu anauliza, "Leo wamedondoka wangapi?" Namjibu hawadondoki, ndiyo raha yenyewe. Unaogopa kufa na unajua hufi.

Basi bosi alipotangaza anatafuta mtu wa kuendesha, niliacha ndoo ya juisi palepale nikaingia ofisini. Akaniambia anataka mwanaume. Nikamuuliza, mwanaume wa kufanya nini, kuisukuma? Nina mdomo, najua. Akacheka, akanipeleka kwa fundi aliyekuja kuifunga, mzee mmoja mkali kutoka Dar es Salaam, ambaye kwa wiki tatu alinifundisha kwa kunigombeza.

Kazi iko hivi. Kila asubuhi, kabla ya kufungua geti, Nyoka anakwenda raundi ya kwanza na viroba vya mchanga, kimoja kila kiti. Raundi ya pili naipanda mwenyewe. Nakaa behewa la mbele, na mwenzangu anayeuza tiketi ndiye anabonyeza kitufe. Nikifika kileleni naliona ziwa, naona mabati ya mjini yanavyong'aa na mlima Kwaraa umesimama palepale, halafu tumbo linabaki juu na mimi nashuka. Kila asubuhi. Sijawahi kuizoea na sitaki kuizoea.

Wateja wakikaa, kuna chuma kinachoshuka juu ya mapaja yao. Hapo ndipo penye kazi. Unapita behewa kwa behewa, unakandamiza chuma kwa mikono miwili mpaka kilie kacha, halafu unakivuta kuelekea juu kwa nguvu zako zote uone kama kinaachia. Kisipoachia unakwenda la pili. Mapaja ya watu yapo hapohapo chini ya viganja vyako, huna namna ya kuyakwepa. Siku ya kwanza nilipita nikitazama tu, nikamwambia fundi vyote vimeshuka. Aliniondoa kwenye mtambo siku nzima. "Usiniambie umeona," alisema. "Niambie umeshika."

Sasa tuje kwa baba mkwe.

Ukoo wa mume wangu ni wafugaji, kwao ni huko tambarare chini ya Hanang. Mimi ni mtoto wa mjini, lakini nilipoolewa mama mkwe, ambaye sasa ni marehemu, alinikalisha akanifundisha vizuri. Mke hamgusi baba mkwe wake. Jina lake halitamki. Ukimpelekea chai unaiweka kwenye stuli, unarudi nyuma, ndipo yeye anainyanyua. Shikamoo unampa ukiwa umesimama mbali na macho yako yako chini. Sikuona ubaya wowote. Huyo mzee nilimheshimu, na heshima hiyo nayo ilinipa nafasi ya kupumua, maana mtu asiyekukaribia hakuchunguzi. Miaka kumi na mmoja ya ndoa sikuwahi kugusa hata ncha ya shuka lake.

Alikuja kwetu Nakwa kung'olewa meno mawili. Daktari akataka yapishane wiki, kwa hiyo akakaa. Jioni ya pili, shavu limevimba, akamuuliza mwanawe mkewe anashinda wapi mchana kutwa. Mume wangu, mwanaume wa maneno machache, akasema nafanya kazi uwanja wa michezo. Ingeishia hapo. Lakini binti yetu wa miaka tisa amerithi mdomo wangu. Akasimama mbele ya babu yake, akaonyesha kwenye mapaja yake mwenyewe, "Babu, mama anabana hapa, halafu anavuta hivi!"

Mzee akaweka kikombe chini. "Anashika mapaja ya wanaume?"

"Ya watu wote, babu," mtoto akasema, kama vile hiyo inapunguza kosa.

Nilikuwa jikoni nakuna nazi. Mkono ukasimama wenyewe. Mzee hakufoka, na afadhali angefoka. Alisema polepole kwamba hajawahi kusikia mke wa nyumba yake ana kazi ya namna hiyo, ila hawezi kuhukumu kitu ambacho hajakiona. "Nitakwenda nione. Siku ya kuondoka nitasema."

Anayeijua familia ile anajua maana yake. Mume wangu zamani alikuwa utingo wa lori la Arusha, kazi aliyoipenda sana. Baba yake alikuja, akatazama, siku ya kuondoka akasema aache. Aliacha wiki hiyohiyo, akaanza bajaji. Hakulalamika wala hakueleza, na mimi sikuuliza kwa sababu wakati ule haikunihusu.

Safari hii ilinihusu. Nilimsubiri mume wangu uani nikamvaa. "Akisema niache utamwambia nini?"

"Tusubiri kwanza."

"Tusubiri nini? Wee mume wangu, nakuuliza wewe, si yeye!"

Akafuta kioo cha bajaji ambacho kilikuwa kisafi tayari. Nikajua jibu. Nilikasirika, lakini zaidi niliogopa, tena woga wa kweli, sio ule wa kwenye video. Nina miaka thelathini na sita. Nimeuza juisi, nimeuza mitumba, nimepalilia mashamba ya watu Singe mpaka mgongo ukagoma. Kitu kimoja tu maishani nimekipenda tangu nilipokiona kwenye televisheni ya saluni, na bahati ikakileta mpaka mtaani kwangu. Mzee mmoja mwenye shavu lililovimba angekiondoa kwa sentensi moja.

Jumamosi alikuja. Mume wangu alimleta na bajaji yeye na mtoto, akawaacha getini akaenda kutafuta abiria. Mzee akachagua kivuli cha kibanda cha tiketi, akakaa juu ya kreti ya soda, fimbo katikati ya magoti, shuka zito la baridi mabegani ingawa jua lilikuwa linawaka. Nikampa shikamoo kutoka kwenye mtambo. "Marahaba," akasema, na hakusema kingine kwa muda wa saa mbili.

Saa mbili hizo nilifanya kazi kuliko siku zote. Nilijiambia, kama ni kuona, na aone sawasawa. Nikabana wanaume, nikabana wanawake, nikabana vijana wa bodaboda waliokuja na "mambo dada" zao na nikawajibu "poa, nyamaza ukae vizuri." Mmoja alijifanya anachekacheka nilipokandamiza chuma chake, nikamwambia akitaka kuchekeshwa aende kwa mama yake. Foleni ikaangua kicheko. Kwa pembeni ya jicho nilimwona mzee hacheki wala hakunji uso. Anatazama mikono yangu tu.

Halafu akasimama. Nikadhani anaondoka. Akamkabidhi mjukuu fimbo, akaenda kwenye dirisha la tiketi, akarudi na karatasi yake mkononi na kupanga foleni nyuma ya vijana wa bodaboda.

Jamani. Nilitaka ardhi ipasuke.

Zamu yake ilipofika akapita mbele yangu nikiwa nimeinamisha kichwa, akachagua behewa la nne, akakaa katikati ya kiti peke yake. Mtoto alitaka kukaa naye, akamkatalia, akasema lazima mtu abaki na fimbo. Mimi nikaanza kazi. Behewa la kwanza nikakandamiza, kacha, nikavuta. La pili. La tatu. Nikafika la nne na mikono yangu ikakataa.

Nieleze vizuri hapa, kwa sababu watu wakisikia husema mbona ni jambo dogo. Mwenzangu wa tiketi ni mwanaume na alikuwa hatua kumi kutoka pale. Ningemwita aje kumbana mzee na mambo yangekwisha. Sikumwita. Nilifikiri, nikimwita mwanaume afanye kazi yangu mbele ya mtu aliyekuja kuhukumu kama kazi hii inanifaa, nimejihukumu mwenyewe. Na kumgusa nisingeweza, miaka kumi na mmoja haivukwi hivihivi. Basi nikafanya jambo la tatu, la kijinga kuliko yote. Nikasema macho yakiwa chini, "Baba, shusha hicho chuma." Akakishusha. Nikakiangalia. Kilikuwa kimelala juu ya mapaja yake, kimetulia kabisa. Nikapita nikaenda la tano.

Niliona. Sikushika.

Nikarudi kwenye kitufe. Kitufe chetu ni cha kushikilia, ukikiachia mnyororo unasimama na treni inang'ang'ania palepale ilipo. Nikakibonyeza. Nyoka akatoka, akanasa kwenye mnyororo, akaanza kupanda tak, tak, tak. Vijana mbele wakaanza kelele zao. Walipofika nusu ya mlima upepo ukapiga shuka la mzee, naye akainua mkono kulirekebisha, na mkono ule ukainuka na chuma.

Kilinyanyuka chepesi kama mfuniko wa sufuria. Lile shuka zito lilikuwa limejikunja chini yake, likakizuia kufika kwenye meno ya kufungia. Hakikuwahi kufunga.

Nikaachia kitufe. Sikumbuki kuamua, kidole kilitoka tu. Nyoka akasimama, mnyororo ukanyamaza, na vijana wakaanza kulalamika kwamba umeme umekatika. Mzee alibaki amekaa mgongo wima, chuma kimeelea hewani mbele yake, na chini ya mtambo mjukuu wake anapunga fimbo akimwita, "Babuuu!" Mbele yao zilikuwa hatua chache hivi kufika kileleni. Mteremko wa upande wa pili ndio ule ninaoupanda kila asubuhi, ninaujua unavyokunyanyua kitini.

Kando ya mnyororo kuna ngazi ya chuma. Nilimpigia kelele mwenzangu asiguse kitu, nikapanda. Nilikuwa najitukana kimoyomoyo matusi ambayo siyaandiki. Nilipolifikia behewa la nne nikashika ukingo wake. Nifanyeje, nimwombe ruhusa? Nikajikuta nasema, "Shikamoo baba." Mara ya pili siku hiyo, tena juu ya mlima wa chuma, watu wote wananitazama.

"Marahaba," akajibu. Alitazama upande wa ziwa.

Nikaingiza mikono, nikalitoa shuka lote lililokuwa limejikunja mapajani pake, nikalifungia mabegani kwake fundo kama ninavyomfunga mtoto. Mapaja yake yalikuwa membamba, mifupa mitupu. Sijui nilitegemea nini. Nikakandamiza kwa viganja vyote viwili, kacha. Nikavuta mara tatu. Sikumtazama usoni, lakini mikono yake niliiona imeng'ang'ania ukingo wa kiti.

Nikapita la tano na la sita upya, nikapanda tena nikayarudia na yale matatu ya mbele, kila moja, vijana wakinung'unika. Kisha nikashuka, nikabonyeza. Nyoka akafika kileleni, akajitupa. Katika yale mayowe yote nilisikia sauti moja nzito inayoita kama mtu anayeita ng'ombe kuvuka bonde. Raundi zote mbili za tiketi yake hakunyamaza.

Alipotoka alichukua fimbo yake, akamshika mjukuu mkono, wakaenda getini kungoja bajaji. Hakuniangalia. Haikuwa desturi aniangalie, lakini siku ile niliona kama adhabu.

Jioni, baada ya kufunga, nilikwenda kwa bosi nikamwambia nimeruhusu treni itoke bila kushika chuma cha behewa la nne. Hakuna aliyeniona nikikiruka, ningeweza kunyamaza. Alikuwa anakunja mkeka wake baada ya kuswali. Akaniuliza ni kwa nini, nikamweleza, mkwe na yote. Akamaliza kuukunja mkeka. Akasema anaielewa aibu yangu, na Nyoka haielewi. Akanipeleka kwenye bembea za watoto mpaka fundi aje anipime tena. Nikasema sawa. Wiki nzima nilisukuma bembea nikisikia Nyoka anapanda, tak, tak, na mtu mwingine ndiye ameshika kitufe. Nyumbani sikumwambia yeyote. Niliona haina maana, kwa kuwa hukumu yenyewe inakuja.

Mzee aling'olewa jino la pili. Ijumaa akafunga kifurushi chake. Mume wangu alikuwa ameshawasha bajaji, akaizima alipoitwa. Wakakaa sebuleni wawili, mimi nikawa jikoni na mlango umerudishiwa, nimesimama tu, sufuria tupu mkononi. Walizungumza kwa lugha yao, ambayo naielewa yote ingawa kuizungumza wananicheka.

Mzee akaanza na mambo ya ng'ombe. Akaja kwenye mvua. Nilitaka kupasuka. Mwishowe akasema kwamba alikwenda kule uwanjani akiwa na neno lake tayari.

"Nimekaa nimemtazama," alisema. "Watu wote aliwashika. Wazuri, wabaya, walevi. Nilipokaa mimi hakunishika. Nilijua sababu, nikafurahi. Nilisema moyoni, huyu ana adabu."

Nikasikia mume wangu akichezea funguo za bajaji.

"Halafu kile chuma kikainuka. Ameiacha kazi yake mara moja tu, kwa ajili yangu, na nilikuwa nife. Mwambie asiiache tena."

Nikasikia kiti kikisogea, na mume wangu akasema, "Nimesikia, baba." Mimi nilikaa sakafuni pale jikoni nikalia kwa sauti, na nilikuwa sijali nani ananisikia.